Shuka la Buluu la Salme

Jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya nyumba za Ziwa la Ng'ombe nilipotumwa kutafuta kitambaa cha buluu. Balaa letu lilianzia hapo, kwenye kitambaa.

Ilikuwa mwaka wa 1993. Nilikuwa na miezi miwili tu kwa Bi Mwanatatu, Kisauni, nikijifunza kutengeneza kanda za video za harusi. Kanda za kupamba, ile sherehe ya wanawake watupu ya kumtazama bibi harusi, ambapo huwa vichwa wazi, hazionwi na mwanamume, basi anayezitengeneza lazima awe mwanamke. Hata mumewe akija kurekebisha waya, tulizima kioo cha kompyuta kwanza. Bi Mwanatatu alikuwa na kompyuta moja, mtambo mmoja wa kuchanganya picha, na maringo ya watu kumi. Alinifundisha kulizungusha jina la bibi harusi hewani. Alinifundisha kuikunja picha ikajifunua nyingine. Wiki ile alifikia somo alilojivunia zaidi. Unamkalisha mtu mbele ya kitambaa cha buluu, unabonyeza, na mtambo unakula kila kilicho buluu. Mahali pake unatia picha unayotaka. Ndiyo maana maharusi wote wa Kisauni siku zile walikaa kando ya maporomoko ya maji ya Ulaya, na wengi wao hawajafika hata Voi.

"Changu kimeungua kwa pasi," aliniambia. "Kalete chochote kwenu, mradi kiwe buluu tupu. Ufanye mazoezi peke yako. Mimi nina harusi Utange."

Nyumbani kilikuwapo kimoja. Nilikijua, sitaki kujifanya sikukijua. Ilikuwa satini aliyonunua mama ili kupambia chumba cha harusi ya dada yangu Salme. Salme alikufa kwa homa siku nane kabla ya harusi, na satini ile ile ikatandazwa juu ya jeneza lake. Kwetu shuka lililofunika jeneza ni haki ya mwosha, yule mwanamke aliyemwosha maiti. Halirudi nyumbani. Mama alimpa mwosha shuka jingine. Hili alilificha sandukuni, nami nilimwona nikanyamaza.

Nikalichukua. Lilinuka karafuu maiti.

Nililitundika ukutani kwa Bi Mwanatatu, nikaweka kiti kitupu mbele yake, nikawasha kamera. Nje walikuwa wakiadhini magharibi. Nikabonyeza.

Buluu ikatoweka. Kiti kikasimama katikati ya bustani ya maua. Nilifurahi, wallahi, nikapiga makofi peke yangu. Kisha nikaona doa. Juu ya kiti palibaki kipande cha buluu kisichotaka kuondoka. Bi Mwanatatu alisema doa likibaki, taa hazijakaa sawa. Nikasogeza taa. Doa likakua...

Likawa goti.

Nikasogeza taa tena. Mkono. Bega. Kichwa kilichoinama, kama wanavyokaa maharusi wakitazamwa.

Nikatazama kioo. Salme yupo.

Nikatazama kiti. Kitupu.

Mtu mwenye akili zake angekimbilia kwa shekhe. Mimi nilikimbilia kwa mama. Tangu mazishi, miezi saba, mama alikuwa halali, na chakula hali ila alishwe. Niliona nimpelekee dawa. Kosa langu ni hilo, na hakuna aliyenisukuma.

Nilipomleta, mama alikipapasa kioo kwa vidole viwili, machozi yakimtoka bila sauti.

"Mwanangu hajapambwa," alininong'oneza. "Mpambe, Tima."

Nikampamba. Kila magharibi, Bi Mwanatatu akishaondoka, mama alikuja. Nilijifunza kuchora asumini kwenye kioo, ua moja moja, na kuyapanga nyweleni mwa Salme. Sekunde moja ya kanda ina picha ishirini na tano, na katika kila picha ua lazima lisogee kidogo, la sivyo mtu atasogea, nalo litabaki likielea hewani. Nikamvalisha kidani. Nikampitishia jina lake kwa herufi za dhahabu. Yote ninayoyajua katika kazi hii nilijifunzia juu ya dada yangu aliyekufa. Na nilikuwa na furaha. Mama alianza kula. Siku moja alicheka, nami nikalia kwa kumsikia.

Siku ya sita akavuta kiti cha pili, akakaa kando ya kile kitupu.

"Nitie na mimi."

Mama alivaa leso nyekundu. Hakuwa na hata uzi wa buluu mwilini. Lakini mtambo ulimla. Kwanza ncha za vidole vya kushoto. Kwenye kioo, pale vidole vilipokuwa, palionekana maua ya bustani. Nikasogeza taa, nikageuza kila kitufe nilichokijua. Siku ya saba ulikwenda mkono mzima. Siku ya nane nilimshika mkono huo kumvusha barabara... ulikuwa baridi. Nyumbani kikombe cha chai kilimponyoka, chai ikamwagikia vidole, hakushtuka. Na huko kwenye kioo Salme alizidi kukolea.

Asubuhi yake nikaenda kwa Bi Mwidani, mwosha wa mtaa wetu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Umeniletea shuka langu?"

Sikuwa nimesema neno. Nikakaa chini nikamweleza yote.

"Nililijua siku ile ile," alisema polepole. "Nikasema, mwache, ana uchungu. Na mimi nina kosa langu."

"Ni Salme kweli, Bi?"

Akaitazama mikono yake.

"Salme nilimwosha kwa mikono hii, na uso wake ulikuwa umetulia. Huyo aliyekaa hapo... huenda ni yeye, huenda ni kingine kilichoona nafasi. Litundue leo, kabla adhana haijesha. Kisha uniletee."

Jioni nilichelewa. Mama alikuwa ameshakaa, na mtambo ameuwasha mwenyewe. Adhana ilikuwa imeanza. Kwenye kioo palibaki uso wake tu, katikati ya maua, ukitabasamu. Salme kando yake alikuwa mzima.

"Mama, nalitundua."

Hakugeuka.

"Tima, mwanangu... usimuue mara ya pili."

"Na mimi pia ni mwanao, mama."

Nilisubiri anijibu, nikaisikiliza adhana ikielekea mwisho. Kisha nikavuta.

Satini ikaanguka sakafuni. Kwenye kioo Salme akainua kichwa, mara ya kwanza tangu nimwone. Hakumtazama mama. Alinitazama mimi. Midomo yake ikatamka kitu, neno fupi, lakini kamera ile haikuwa na sauti.

Halafu palikuwa na ukuta, na kiti kitupu, na mama yangu, mzima, vidole vyote kumi.

Shuka nilimpelekea Bi Mwidani usiku huo huo. Kanda niliifuta mara tatu, asumini zote, kidani, jina la dhahabu. Mikono ya mama ilipata joto. Kesho yake alikula mkate mzima, nami nikamshukuru Mungu. Nilipompa chai akaipokea, akanitazama kwa mapenzi.

"Ahsante, Salme."

Nikadhani ni majonzi, yatapita. Sasa ni mwaka wa sita. Ananipenda, kuliko alivyowahi kunipenda. Ananisuka nywele. Anawaambia majirani kuwa Salme wake alipona homa, na majirani wanainamisha macho. Bi Mwidani alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza. Sijui kama ni akili za mama zilizochoka, au kiti kile hakingekubali kuondokewa bure. Zamani nilikuwa nikimsahihisha. Analia mno, nimeacha.

Kila Alhamisi baada ya magharibi hutandika mkeka na kumsomea fatiha bintiye marehemu, Tima. Humwombea kwa jina, huomba kaburi lake lipanuliwe. Mimi hukaa kando yake, bega kwa bega.

Akimaliza, mimi huitikia amina.