Mshambuliaji Aliyenunuliwa na Ngisi

Kila siku baada ya shule, Sihwan alikuwa na saa moja ya ufalme. Alivua viatu mlangoni, akachemsha tambi, akaibeba sufuria nzima mpaka mezani kwenye kompyuta, na hapo akaanza kutawala. Hakuwa tena yule mwanafunzi wa darasa la saba aliyesahau daftari la hesabu nyumbani. Alikuwa meneja wa Tai wa Jumunjin, klabu ya mpira iliyoogopwa na darasa zima, ingawa klabu yenyewe ilikuwa ya mchezo wa mtandaoni tu.

Saa yake ikiisha, alikwenda tuisheni na kiti kikachukuliwa na mdogo wake Bomi, wa darasa la nne. Mama yao ndiye aliyepanga hivyo, na mama yao hakuwa mtu wa kurudia maneno. Bomi naye alikuwa na timu katika mchezo huohuo. Aliiita Ngisi, kwa sababu Jumunjin, mji wao wa bandari, wote ulikula, ulivaa na ulisoma kwa fedha za ngisi.

“Ngisi ana miguu kumi,” Sihwan alimtania, “lakini timu yako haijui kupiga chenga hata moja!”

“Angalau wangu wana umri wa kukimbia,” Bomi alijibu bila kugeuka. “Wako watatembea na mikongojo muda si mrefu.”

Lakini tusimwonee Sihwan. Kazi ya umeneja aliijua barabara. Katika soko la wachezaji, mchezaji huwekwa mnadani, mameneja huweka dau, na kila dau jipya huongeza dakika chache kwenye saa ya mnada. Saa ikifika sifuri, aliyetaja bei ya juu ndiye mwenye mali. Hakuna kurudisha wala kusema nilikuwa natania. Sihwan alinusa bei nzuri kutoka mbali. Bomi yeye alinunua vijana wasiojulikana kwa bei ya kutupa, akawafundisha msimu baada ya msimu, na kila kilichobaki akakiweka akiba.

Jumapili ile ilikuwa fainali ya ligi ya darasa, Tai dhidi ya timu ya Dojin. Dojin alikuwa rafiki yake Sihwan na mpinzani wake pia, kijana mwenye mdomo wa kuweza kuuza barafu wakati wa theluji. Sihwan alitaka golikipa mpya wa kumnyamazisha. Ili apate fedha, siku ya Ijumaa alimpeleka mnadani mshambuliaji wake Brel, ambaye enzi zake alikuwa moto wa kuotea mbali, lakini sasa umri ulikuwa umemtupa mkono.

Alijitokeza mnunuzi mmoja tu, na bei ikagoma kupanda.

“Hii si bei, haya ni matusi!” Sihwan aliiambia kompyuta.

Akaitazama simu yake iliyokuwa kando ya sufuria. Bomi alikuwa bado kwenye somo la piano. Neno lake la siri Sihwan alilijua, tena alipewa na Bomi mwenyewe siku alipofungua timu. “Wewe ndiye kaka yangu,” Bomi alikuwa amemwambia. “Nikikwama utanisaidia.”

“Mara moja tu,” Sihwan alijiambia. “Nimchokoze huyu bwana apande kidogo, halafu mimi huyo, nimetoka.”

Akaichukua simu, akaingia kwa jina la Ngisi, akaweka dau. Mnunuzi akapanda. Lo, utamu ulioje! Akaweka tena, mnunuzi akapanda tena. Mara ya tatu Sihwan aliruka juu sana. Alitumia akiba yote ya Bomi na mkopo wote ambao mchezo uliruhusu.

Mnunuzi hakupanda tena.

“Panda basi, ndugu yangu,” aliibembeleza kompyuta. Saa iliendelea kuhesabu. Tambi zilivimba kwenye supu bila kuguswa. “Panda kidogo tu, nakuomba!”

Saa ikafika sifuri. Maandishi yakatokea: Hongera! Brel amehamia Ngisi.

Sihwan aliisukuma kando sufuria. Alijaribu kumnunua Brel tena, akakataliwa mpaka msimu ujao. Na sheria ya mchezo ilikuwa wazi kabisa: timu yenye deni kubwa namna ile ilivunjwa kila Jumatatu, na wachezaji wake wakarudishwa sokoni. Vijana wote wa Bomi, kazi yake ya mwaka mzima, walikuwa wanakwenda na maji. Sihwan alifunga kompyuta, akabeba begi, akaenda tuisheni.

Aliporudi jioni, Bomi alikuwa amekaa mbele ya kompyuta na macho yamemvimba.

“Kaka, kuna mzee kwenye timu yangu.”

“Mzee gani?”

“Brel wako. Akiba yangu yote imekwisha, na nina deni. Jumatatu wananivunjia timu. Mimi sikumnunua, nakuapia!”

Hapo Sihwan alipewa nafasi ya kusema kweli, nafasi pana kabisa, naye akaiacha ipite.

“Labda ulibonyeza vibaya ulipofungua mchezo,” alisema. “Wewe una haraka sana.”

Kama Bomi angebisha, ingekuwa nafuu. Hakubisha. Aliitikia kwa kichwa.

“Labda,” alisema. “Mimi ni mjinga sana, kaka.”

Alizima kompyuta kabla saa yake haijaisha. Wakati wa chakula hakugusa wali wala kimchi, ile kabichi ya pilipili iliyochachushwa, na mama alipomuuliza kulikoni, alijibu tu kwamba hataki tena kucheza. Sihwan alikula haraka haraka akitazama bakuli lake.

Jumamosi asubuhi Sihwan alikwenda bandarini na mama yake kumsukumia mkokoteni, kama kawaida yake. Mama alikuwa mmoja wa wanunuzi wenye leseni kwenye mnada wa samaki, nao walitambulikana kwa kofia zenye namba. Dalali alipuliza filimbi, akaanza kuimba bei kwa kasi. Wanunuzi walimzunguka, kila mmoja akionyesha bei yake kwa vidole nyuma ya koti ili jirani asione. Dalali akiita namba ya kofia yako, mzigo ni wako.

Mama alipata kreti zake. Wakati wanazipakia, Sihwan aliuliza kama mtu asiye na neno, “Mama, kwani mtu hawezi kuonyesha vidole tu bila kutaka samaki? Yaani kupandisha bei?”

“Kwa nini afanye hivyo?”

“Tuseme ngisi ni wa ndugu yake.”

“Akigundulika anavuliwa kofia siku hiyohiyo, na hapa bandarini hatanunua tena. Na asipogundulika, iko siku wenzake wataacha kupanda, abaki na mzigo mikononi.” Mama alisimama, akamtazama mwanawe usoni. “Mzigo umebaki mikononi mwa nani, Sihwan?”

Jamani, mama huyu! Sihwan aliiweka chini kreti aliyoishika.

“Mwa Bomi,” alisema, na mengine yote yakamtoka: neno la siri, Brel, deni, na ule uongo wa jioni.

Mama hakupiga kelele.

“Mimi mchezo wenu siuelewi,” alisema. “Hao wachezaji siwajui hata mmoja. Lakini jana mwanangu alilala akijiita mjinga, na wewe ulikuwa unajua kwamba si mjinga. Hilo ndilo linaloniuma.”

“Nikiwaambia wasimamizi wa mchezo wataniadhibu, Mama. Fainali ni kesho! Dojin atanicheka mpaka nimalize shule.”

“Atacheka, ndiyo. Sukuma mkokoteni, twende nyumbani.”

Bomi alimsikiliza kaka yake mpaka mwisho akiwa amekumbatia mto.

“Kwa hiyo mimi si mjinga?”

“Hapana.”

“Wewe ndiye mjinga.”

“Ndiyo.”

“Tena mwongo!”

“Ndiyo, na mwongo. Nisamehe, Bomi.”

Mto ulimpiga Sihwan usoni, naye aliustahili. Kisha akakaa kwenye kompyuta na kuwaandikia wasimamizi kila kitu kama kilivyotokea. Bomi alisimama nyuma yake akisoma. Sihwan alipoandika kwamba timu ya mdogo wake iliingia mnadani kwa bahati mbaya, Bomi alimgonga begani. Akafuta, akaandika kwamba yeye ndiye aliyeiingiza.

Jibu lilikuja Jumapili asubuhi. Mauzo yamefutwa. Ngisi wamerudishiwa akiba yao na deni limeondoka. Tai wameondolewa kwenye fainali, sababu imetangazwa kwa ligi nzima, na hawaruhusiwi kuuza wala kununua mpaka msimu uishe. Bomi aliruka juu akapiga kelele, kisha akamtazama kaka yake na kushusha mikono.

“Shangilia tu,” Sihwan alimwambia. “Ni haki yako.”

Shuleni siku iliyofuata, Dojin alikuwa anamsubiri mlangoni mwa darasa.

“Jamani, mpisheni dalali apite!”

Darasa zima likaangua kicheko. Masikio ya Sihwan yaliwaka, lakini hakuinamisha kichwa.

“Kweli nilidanganya, na adhabu nimeipata,” alisema. “Msimu ujao nakuja kukufunga kihalali.”

“Wewe? Thubutu! Njoo, lakini usije na yule babu yako.” Dojin akacheka tena, kisha akamvutia kiti.

Majuma kadhaa baadaye, Bomi aliamua kumuuza winga mmoja aliyemlea mwenyewe. Sihwan alikaa kando yake kumshauri. Mama alikuwa sakafuni akifunga ngisi wakavu kwenye mafungu. Bei ilipanda vizuri, halafu ikasimama.

“Imekwama, kaka,” Bomi alisema. “Bado kidogo sana.”

Sihwan alivisikia vidole vyake vikiwasha. Akavikalia.

“Iache ikwame.”

Saa ikafika sifuri. Bomi alinuna.

“Nilidhani nitapata zaidi.”

“Umepata bei ya mtu anayemtaka kweli,” mama alisema, mikono yake ikiendelea na kazi. “Bei ni neno, wanangu. Ukitaja bei usiyoikusudia umesema uongo, hata kama hukufungua mdomo. Na kila uongo una mtu wa kuulipia, na mara nyingi ni yule aliyekuamini kuliko wote. Sihwan, umesikia?”

“Nimesikia, Mama.”

Bomi alisogea na kumwachia kaka yake nusu ya kiti.

“Haya,” alisema, “nitafutie beki. Nionyeshe bei unayoiamini mwenyewe.”