Farasi Aliyeguswa

Hivi wewe umeshawahi kusikia harufu ya nyama inaungua jikoni, ukageuka ukakuta ni mkono wa mumeo?

Kristina yalimkuta, nyumbani kwake Mwembesongo. Mzee Kasiani alikuwa ameegemea jiko la mkaa, anasimulia tena jinsi fainali ya sataranji ya wazee ilivyokwisha sare, yeye na Mzee Pazi wakagawana ubingwa. Kiganja kinaungua, mdomo unaendelea. Alipoonyeshwa akasema tu, "Ajabu. Sisikii kitu."

Hospitali wakasema mishipa. Padri akanyunyiza maji ya baraka. Ganzi ikapanda kiwiko, ikashika bega, na kila mtu anajua baada ya bega kuna nini.

Halafu sauti. Wako wote jikoni, sebuleni hakuna mtu, wanasikia ko: kete ya sataranji imewekwa ubaoni. Kristina akienda anakuta farasi mweusi ametoka mstarini na udi unanukia katika nyumba isiyojua udi; akimrudisha kwenye boksi na kulifunga, akija kufunua sufuria ya maharage anamkuta humo, amesimama wima juu ya mchuzi, mkavu, anamtazama Kasiani, na Kasiani anatazama ukuta. Kristina hakupiga kelele. Alikuwa amechoka hata kuogopa.

Binamu yake Mwanvita, mganga, akashuka kutoka Matombo. Hakutaka kuku wala kaniki. Alinusa bega la mgonjwa, akanong'ona, "Dada, huyu aliyemshika mumeo simfukuzi, ana haki yake. Kuna jambo halikumalizwa. Mwiteni aliyecheza na mumeo fainali."

Pazi akaja na miwani yake na utani wake. "Kumbe unaumwa? Nikadhani unaomba sare nyingine."

Mwanvita akamwambia azipange kete zilivyokuwa walipopeana mikono. Akazipanga. Ndipo ule mkono mfu, ambao Kristina alikuwa akiuvalisha shati kila asubuhi kama wa mtoto, ukainuka wenyewe kutoka mapajani, taratibu, ukavuka ubao, ukamshika farasi mweusi, ukambana mpaka kucha zikawa nyeupe, na Kasiani anauangalia kama mkono wa jirani, na udi umejaa chumba kizima mpaka pumzi inakwama.

"Pazi," akasema. Sauti haikupanda wala kushuka. "Siku ile ulipovua miwani ukaipangusa, nilimgusa farasi. Sheria unaijua, ukigusa umecheza. Ningemcheza, ungenifunga. Nikamwachia. Ulipovaa miwani, nikakuomba sare."