Mwanamke wa Tangazo la Safari

Muuza karanga wa soko la Manika alikuwa ameanza kupasua karatasi ya rangi ili afungie karanga za mteja, mtu alipopiga kelele.

“Ngoja, mama! Usiipasule!”

Mteja, Mbelu, muuguzi wa wodi ya uzazi, aligeuka. Alikuwa na kikwembe cha maua mekundu na libaya, blauzi ya mikono mipana. Mbele yake alihema kijana mrefu mwenye koti la abakosti la kijivu: Kabeya, karani wa reli.

“Karanga bakia nayo. Mi naomba tu karatasi.”

Aliikunjua. Pichani ndege ya propela nne iliruka juu ya mitende. Tangazo la safari la miaka ya hamsini.

“Mutu mukubwa hivi, unaokota bitu bya kufungia karanga?” Mbelu alicheka, akamwachia.

“Aksanti. Uso yako, ni kama naiyua.”

“Banaume bote banasemaka ivyo.”

Mwaka ule wa 1976 walipendana. Kabeya alimpigia simu kazini mpaka masista wakanung’unika.

“Chérie, umekula?”

“Nimekula. Na weye, umeokota nini leo?”

Siku nyingine ilikuwa lebo ya sanduku kutoka hoteli ya Ulaya. Siku nyingine kisahani cha majivu chenye chapa ya meli. Baba yake Kabeya alibeba masanduku ya wasafiri maisha yake yote. Kabeya alikusanya vile ambavyo baba aliviona tu mikononi mwa wengine.

Jumapili moja baada ya misa, Mbelu alimtembelea. Alizunguka chumba akicheka, akitaja miji ya ukutani. Akafika kwenye kitanda. Ukutani juu yake kulikuwa na tangazo lenye picha ya mwanamke kijana, chungu kichwani, kifua wazi. Chini yake Kifaransa kiliwaalika wageni watembelee Kongo. Bega la kushoto lilikuwa na kovu la moto. Kovu lile Mbelu alilipaka mafuta tangu utoto.

“Huyu njo mama yangu.”

“Mbelu...”

“Uso yangu uliiyulia hapa? Ulinipenda mi, ao huyu mwanamuke wa uchi?”

“Kwa Mungu, sikuyua!”

“Lakini kila asubui unamuangalia.”

Mbelu akatoka.

Kabeya alipopiga simu, Mbelu aliinua kipokeo, akasikia sauti yake, akakirudisha. Kabeya aliibandua picha. Akakumbuka nakala nyingine katika baa moja karibu na stesheni ya Tenke. Alipanda treni. Mwenye baa alikataa kuitoa, mpaka Kabeya aliporudi na kisahani cha meli na ile ndege ya propela nne, akavibadilisha na nakala ile.

Akamngoja Mbelu kwenye lango la hospitali.

“Picha, nazipata zote mbili. Nataka kumurudishia mama.”

“Utamutia haya.”

“Haiko yangu, Mbelu. Yeye njo ataamua.”

Mbelu akatangulia njiani. “Twende.”

Mama Ngalula alikuwa barazani akichagua maharagwe. Kabeya alipiga magoti, akampa zile picha mbili kwa mikono miwili. Mama alizitazama mpaka Mbelu akaanza kulia.

“Tulikuwa tumefika tu kutoka Kasai,” alisema mwishowe. “Muzungu alisema ni picha ya munganga, ya kuangalia ngozi. Nikavua. Kiisha akaniwekea chungu kwa kichwa. Pale njo niliyua balinidanganya. Hata baba ya Mbelu sikumuambia.”

“Tuchome, mama?” Mbelu aliuliza.

“Lete makasi.”

Kwenye picha moja alikata uso tu, mpaka shingoni, akauweka mapajani. Vilivyobaki, pamoja na ile picha nyingine, alivitia mwenyewe katika mbabula, jiko la makaa.

“Sikukuwaka na picha ya ujana wangu,” alisema, akiupapasa uso ule kwa kidole. “Nilikuwa muzuri.”

Kabeya aliinamisha kichwa. Mbelu akakaa chini kando ya Kabeya, bega kwa bega.

“Weye mutoto,” mama akamwambia Kabeya, “ambia wazee wako bakuye tuongee.”

Walifunga ndoa msimu wa kiangazi uliofuata. Nje ya kanisa mpiga picha aliinua kamera, lakini Mama Ngalula, katika libaya la bluu, alinyoosha mkono kumzuia.

“Bado.”

Alikaza kitambaa cha kichwa, akawashika mikono Mbelu na Kabeya, akasimama wima katikati yao.

“Sasa,” alisema. “Piga.”