Chupa Nilizoziandika Siki

Nina umri wa miaka hamsini na mbili, mkulima, baba wa watoto watatu. Wazazi wangu walitoka Ukambani wakapewa shamba katika skimu ya makazi, si mbali na Msambweni, nami nimekulia hapo. Sikusoma zaidi ya darasa la nane. Mengine yote nimejifundisha kwa vitabu vya mitumba na daftari. Siandiki haya ili mnihurumie... sistahili.

Jirani yangu ni Bwana Suleimani. Miaka ile vijana walipotaka sisi watu wa bara tuhame, yeye ndiye aliyesimama mlangoni kwangu akawaambia kwamba atakayenigusa amemgusa yeye. Mtu wa namna hiyo utamlipa nini?

Mimi nilimlipa uongo.

Msimu wa korosho ukifika, Suleimani huuza korosho tu. Makanju yenyewe, yale matunda mekundu na ya manjano, huozea chini ya miti. Nilimwomba, akanipa bure, debe baada ya debe. Nilimwambia natengeneza siki. Mke wangu, Mama Kioko, ambaye kanisa lake halitaki hata harufu ya pombe, nilimwambia vivyo hivyo.

Nilikuwa nikitengeneza mvinyo.

Niliyachemsha makanju kidogo kwa maji ya chumvi ili kuondoa ukakasi, nikayakamua, nikachuja kwa kitambaa, nikatia sukari na hamira katika ndoo yenye kifuniko. Kifuniko nilikitoboa, nikapitisha mpira mwembamba, ncha yake ikazama katika chupa ya maji ili hewa itoke isiingie. Baada ya wiki sita mvinyo ulikuwa umetulia, rangi yake kama asali. Nilijivuna! Kila chupa niliibandika karatasi, nikaandika kwa mkono wangu: SIKI.

Aliyejua ukweli alikuwa mmoja tu, shemeji yangu Musyoka, anayefanya kazi katika baa huko Diani. Ndiye aliyeniletea chupa tupu, na hakukosa kuja kuonja.

Ikafika harusi ya Fatuma, binti yake Suleimani. Nikahi ilikwisha kusomwa, wakwe walikuwa wamewasili kutoka Bodo, pilau imeiva. Mimi nilikuwa nikikaza kamba za turubai. Siki ya kachumbari ikawaishia wapishi. Mke wangu, kwa moyo safi, akakimbia nyumbani akarudi na chupa mbili za mumewe...

Kwa pilipili na ndimu zilizokuwamo, hakuna aliyeshtuka. Ila Musyoka, aliyealikwa pamoja nasi. Alitia tonge mdomoni, akacheka hadi akashika tumbo.

"Aisee, nani ameweka wain kwa kachumbari?"

Mikono ilisimama juu ya masinia. Mzee mmoja wa Bodo akauliza siki imetoka wapi, na wapishi wakamwonyesha mke wangu. Shangazi yake Fatuma akamsogelea, upawa mkononi.

"Tumekula nawe, tumezika nawe, Mama Kioko. Leo watulisha haramu mbele ya wakwe?"

Mke wangu aliapa kwamba ile ni siki, kisha akanigeukia niseme. Mimi nikainama, nikaendelea kukaza kamba. Kamba iliyokuwa imekwisha kukazwa!

Walimwambia kwamba watu wa bara ndivyo tulivyo. Walimwambia kwamba amewaonea wivu. Nilisikia kila neno... nami nikafunga fundo jingine.

Aliyemwokoa ni yule yule mnywaji. "Msimtukane sista bure," alisema, kicheko kimemwisha. "Hiyo ni kazi ya shemeji. Si huyo hapo ameshika kamba?"

Wakwe walimchukua bibi harusi wao, wakaondoka bila kula. Nasikia huko Bodo hadi leo Fatuma wanamwita bibi harusi wa pombe. Msichana huyo amekosa nini?

Musyoka nilimfukuza kwangu, nikamwita nyoka. Ni rahisi sana kumchukia mtu aliyesema ukweli uliokushinda wewe.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Suleimani. Hakunikaribisha ndani.

"Ungeniambia ni mvinyo, ningekunyima makanju," alisema. "Basi. Ningekunyima makanju, na tungebaki majirani."

Nikaanza kuomba radhi. Akainua mkono kunikatiza.

"La mvinyo namwachia Mungu. Lakini ulimtazama mkeo akitukanwa. Siku yangu ikifika, nami utanitazama hivyo hivyo."

Nilirudi nyumbani. Njia ya kupitia shambani kwake ameifunga kwa miiba, na sasa hakuna mtu wa kijiji anayenisalimu ila kwa haraka, ili anipite. Mama Kioko yuko kwa dada yake, huko Waa. Nimemfuata mara nne. Hutoka, husimama mlangoni, husikiliza, kisha hurudi ndani.

Wenzangu mnaosoma, sikatazi mtu kutia hamira katika ndoo yake. Nawasihi tu mumwambie anayewapa matunda, na anayelala nanyi, ni kitu gani mnachotengeneza. Mwambieni mapema... wakati ukweli bado unagharimu debe la matunda tu. Mimi niliuchelewesha, ukanigharimu nyumba.