Kikapu Kilichopakwa Vanishi

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, soko la Mwanga likiwa limefurika watu kiasi cha kugombania hewa, fundi seremala Dismasi alipita katikati ya vibanda vya mitumba akiwa amekumbatia kioo cha mlango wa kabati, huku akipaza sauti apishwe. Watu walimpisha, maana kioo hakibishani na mtu. Aliyekataa alikuwa mmoja tu, msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, aliyevaa gauni la kitenge cha njano lililombana kiunoni na kufunguka magotini. Kichwani alibeba vikapu saba vilivyopandana kama mnara. Kichochoro kilikuwa chembamba, mashati kulia na viatu kushoto. Lazima mmoja wao arudi nyuma, na hakuna aliyekuwa tayari.

"Dada, nina kioo," Dismasi alisema.

"Nakiona. Na wewe vikapu unaviona?"

"Vikapu vikianguka vinaokotwa."

"Na kioo kikianguka kinafagiliwa. Tofauti iko kwenye ufagio tu."

Akasogea karibu zaidi, akajitazama katika kioo kile kile, akakirekebisha kitambaa cha kichwa kwa vidole viwili bila kuutikisa mnara wake. Wauza mitumba wakaanza kucheka. Dismasi hakuwa mtu wa kuchekwa akanyamaza, na mtaani kwao Katubuka walilijua hilo. Masikio yalimwaka moto, akamuuliza kama amemaliza.

"Bado. Geuza kidogo, upande wa kushoto sijauona."

Akageuza. Mpaka leo hajui ni kwa nini aligeuza. Anachokumbuka ni kwamba alirudi nyuma hatua kumi na mbili akiwa na kioo kifuani, yule msichana akimfuata uso kwa uso, na walipofika penye nafasi alikuwa amekwisha kumwomba namba ya simu.

Aliitwa Aurore. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye akazaliwa na kukulia upande huu. Mama yake alifariki miaka miwili nyuma, na sasa aliishi Mwandiga na mama yake mdogo, Marcelina, kiongozi wa kikundi cha wanawake wasusi wa vikapu. Aurore alisuka kuliko wote, na aliongea kuliko wote pia. Kila mchana alimpigia Dismasi karakanani kumuuliza kama amekula.

"Nimekula vumbi la mbao," Dismasi angejibu.

"Basi usinywe maji, mukunzi, mpenzi wangu, usije ukaota mti tumboni."

"Nikiota mti nitaupasua, nikutengenezee kitanda."

"Kitanda cha nani? Ongea taratibu, mama mdogo anasikia."

Siku ya tatu tangu wakutane Aurore alimfungulia daftari lake la mistari. Ndani kulikuwa na duka. Alilichora kwa kalamu ya risasi, ukurasa baada ya ukurasa, akafuta, akachora tena, na chumba chenyewe alikuwa amekwisha kukipata Ujiji. Kilikuwa chumba cha mbele katika nyumba ya Mzee Hamdani, chenye kibaraza na dirisha ambalo, ukisimama penyewe, unaliona ziwa katikati ya mapaa mawili, kipande chembamba cha buluu kama rula ya shule. Hakutaka kaunta. Alisema kaunta inamfanya mnunuzi ajione mshtakiwa. Alitaka benchi pana la chini, mkeka, mapazia ya kitenge na birika la chai ya mchaichai. Mtu aingie, avue viatu, akae, atie mkono ndani ya kikapu, anuse nyasi zake, aambiwe aliyekisuka ni nani na anaishi wapi. Ndipo anunue, au aende zake akiwa ameshiba chai.

Dismasi yeye alitaka rafu za mbao ya mninga kutoka sakafuni mpaka darini, vioo, na taa za kumulika. Walibishana mwezi mzima, ubishi wa watu wanaotafuta sababu ya kupigiana simu. Mwishowe Dismasi alikubali benchi, Aurore akakubali rafu, na vioo vikaachwa. Ikapangwa kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa nane Mama Marcelina aje na wanakikundi wake kukitazama chumba. Wakiridhika, wataleta kazi zao. Wasiporidhika, hakutakuwa na duka ila mbao ukutani. Na Dismasi alikuwa na mpango wake mwingine, hakumwambia mtu. Wanawake wakishakubali, atamkalisha Aurore kwenye lile benchi na kumwomba waoane.

Jumatano kabla ya siku hiyo, Aurore alishuka Katubuka akiwa na kikapu kimoja tu, kimefungwa kwenye khanga mpya. Kilifika magotini kwa urefu, chenye mistari ya mshazari, myeusi na ya rangi ya damu ya mzee, na mfuniko uliochongoka kwenda juu. Pale kwenye ncha palikuwa wazi. Nyasi zilichomoza kama nywele ambazo hazijachanwa.

"Ni cha marehemu mama," alisema. "Pimia rafu ya juu kwa hiki."

Dismasi alikuwa na penseli mdomoni na jicho kwenye ubao. Aurore akamuuliza kama mama yake yupo nyumbani. Dismasi akamjibu kwamba amekwenda Kasulu, atarudi Jumapili. Aurore alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Basi kiweke ndani kwa mama," alisema, akaondoka haraka, hata mzaha wa kuagana hakuutoa.

Jioni Dismasi alikitazama kikapu kile kwa muda mrefu. Akaona nyasi zilizochomoza, akaona vumbi katika mikunjo, akafikiria mchwa na unyevu wa ziwa, akafikiria msichana ambaye kitu pekee alichoachiwa na mamaye kinaoza taratibu. Katika karakana ya Dismasi hakuna kazi iliyowahi kutoka bila kumaliziwa. Alichukua mkasi, akazikata zile nyasi za juu mpaka zikawa sawa. Kisha akafungua kopo la vanishi, ile ya bei ya juu anayoitumia kwa makabati ya maharusi, akakipaka kikapu ndani na nje, kikakauka, akakipaka mara ya pili. Kikang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Moyo wake ulijaa. Alijiona akimpa Aurore mama yake, safari hii asiyeharibika.

Jumamosi ilifika. Wanawake tisa walivua viatu kibarazani kwa Mzee Hamdani, wakaingia wakizishika rafu, wakijaribu benchi kwa makalio, wakisifu. Mmoja alisema chumba hiki kinamfanya mtu asitake kurudi kwa mumewe, wakacheka. Aurore alivaa gauni jeupe lenye ukosi wa lesi, na macho yake yalizunguka chumba kama ya mtu anayehesabu watoto wake. Dismasi alingoja mpaka kukawa kimya. Akapanda kwenye stuli, akaivuta khanga iliyofunika rafu ya juu.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Aurore alinyoosha mikono, akapewa kikapu, akakisogeza puani. Alikaa hivyo. Dismasi alisubiri tabasamu, na lile tabasamu halikuja. Kidole cha Aurore kilipanda taratibu kwenye mfuniko mpaka ilipokuwa ncha, kikapapasa pale palipokatwa, kikarudi, kikapapasa tena.

"Nani alikwambia ufanye hivi?" aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Hakuna aliyeniambia. Kingeoza, Aurore. Sasa hakiozi."

"Alikuwa humu. Harufu ya mikono yake ilikuwa humu."

Mama Marcelina alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Wanawake wakamfuata mmoja mmoja bila kuaga. Dismasi aliwatazama wakitoka kwenye chumba alichokitengeneza usiku na mchana, na ule moto wa masikioni ukarudi. Akasema mbele yao wote kwamba kama kulikuwa na jambo, angeambiwa, yeye si mganga wa kupiga ramli. Aurore alikiweka kikapu juu ya benchi, polepole, kama anayelaza mgonjwa.

"Ungeuliza," alisema, akatoka.

Simu yake haikupokelewa siku hiyo, wala kesho yake asubuhi. Mchana Dismasi alishindwa kuvumilia, akamtumia ujumbe wa sauti. "Kikapu kimoja, Aurore. Kimoja. Mimi nimekujengea duka zima." Alama mbili za buluu zilitokea. Amesikiliza. Jibu halikuja.

Hasira ilipopoa ilimwachia hofu. Alikichukua kikapu, akatia thina ya kuyeyushia rangi kwenye kitambaa, akasugua kidogo upande wa chini. Vanishi haikutoka, ila ile rangi nyekundu ilihamia kwenye kitambaa. Akachukua sindano ya kushonea magunia ajaribu kurudisha nyasi pale kwenye ncha. Sindano ilipoingia, ukingo ukavunjika kama biskuti. Akaiacha mikono ikining'inia. Hakuwahi kukutana na kitu ambacho hawezi kukitengeneza.

Alasiri ile simu iliita. Ilikuwa namba ya Mama Marcelina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sijapiga kukugombeza, nataka kukuuliza. Nyumba yangu hii ina vikapu vingapi?"

"Vimejaa, mama."

"Kwa hiyo unadhani mwanangu alikosa cha kupimia rafu?"

Mama Marcelina hakungoja, akamweleza. Katika ukoo wao mama humsukia binti yake kikapu, na mfuniko anauacha wazi juu. Binti akimpata wake, anakipeleka nyumbani kwa kijana, kwa mama yake, bila kusema neno. Yule mama akimkubali, huziba ncha kwa mkono wake mwenyewe. Mama yake Aurore alikisuka akiwa kitandani, mgonjwa, akasimama pale anapotakiwa kusimama.

"Ulidhani kazi haijaisha," alisema. "Ilikuwa imeisha. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya mama yako. Aurore alikuwa amekukubali, Dismasi, kabla wewe hujamuuliza. Anasema ulikuwa na penseli mdomoni."

Mama yake Dismasi, Veneranda, aliporudi kutoka Kasulu jioni, alimkuta mwanawe ameketi sakafuni na kikapu mapajani. Alisikiliza mpaka mwisho huku akijifungua khanga ya safari. Kisha akajifunga upya.

"Kimeletwa kwangu, ndani ya nyumba yangu, ukakipaka dawa ya makabati," alisema. "Kesho asubuhi tunakwenda Mwandiga. Na huko uniachie mimi nitangulie kuongea, maana wewe mdomo wako una misumari."

Waliwakuta wanawake wakisuka uani, miguu wameinyoosha, nyasi zimelowekwa ndani ya beseni. Aurore aliinuka akamwamkia Veneranda kwa magoti yote mawili. Kwa Dismasi hakugeuka. Veneranda alikaa mkekani, akaomba sindano, akajaribu ncha ya mfuniko kwa upole wa mtu anayemtoa mtoto mwiba. Nyasi zikalia, zikakatika. Akairudisha sindano, akakishika kikapu kwa mikono yote miwili.

"Ningekifunga, binti yangu," alisema. "Nataka ujue hivyo. Ningekifunga siku ile ile, wala nisingeuliza unatoka wapi."

Aurore aliinamisha kichwa, na machozi ambayo hakuyatoa Ujiji yalitoka hapo, mbele ya watu. Alipojifuta, alimgeukia Dismasi kwa mara ya kwanza.

"Ile sauti uliyonitumia. Ulimaanisha?"

Angeweza kukana. Wanawake wote walikuwa wameacha kusuka.

"Wakati ule, ndiyo. Nilikuwa na hasira na nilijiona nina haki. Sasa naona aibu, Aurore, na sijazoea kuona aibu, kwa hiyo kama nakosea hata namna ya kuona aibu, unisamehe na hilo. Siwezi kukirudisha. Nimejaribu, nikakivunja zaidi. Lile duka ni lako, nikiwemo nisiwemo, funguo amepewa Mama Marcelina. Ila nilikuwa nimepanga kukuomba unioe Jumamosi, na nakuomba leo."

"Wewe unaomba kuolewa?" mwanamke mmoja aliuliza, na mwingine akamfinya anyamaze.

Aurore alikichukua kikapu kutoka kwa Veneranda, akakiweka mapajani. Wingu lilipita, likatia kivuli uani, likaondoka.

"Kikapu cha mama kitakaa nyumbani hapa kilivyo," alisema hatimaye. "Hakitauzwa na hakitazibwa. Kilichokuwa ndani yake umekichukua na hakitarudi, na nitakuwa nakukasirikia siku nyingine bila kukupa taarifa."

"Sawa."

"Rafu ulizozipaka vanishi utazikwangua zote. Sitaki harufu ile dukani."

"Nitazikwangua kwa kioo kilichovunjika na msasa, hata mwezi mzima."

"Na nitasuka kingine, mimi mwenyewe, kwa kuwa mama hayupo wa kunisukia. Nikifika juu nitasimama, nitampelekea mama yako. Siku hiyo utakuwa umejibiwa. Kabla ya hapo usiniulize."

"Utachukua muda gani?"

Mama Marcelina alikohoa. Dismasi akaelewa, akafunga mdomo.

Aurore aliketi tena mkekani. Alichagua nyasi kutoka kwenye beseni, akazikung'uta maji, akazikunja kwenye kidole gumba, akachoma sindano mara ya kwanza. Kikapu huanza kidogo sana, kama kifungo cha shati. Dismasi, aliyesimama karibu na ua, hakuweza kukiona. Akavua viatu, akasogea.