Rimu Iliyopakwa Rangi Mara Tatu

Karibuni, jamaa, tuingie pamoja katika ua huu mmoja, tukanyage taratibu, kwa maana siku tunayoanzia palikuwa na amani. Ilikuwa Jumamosi alasiri. Mshonaji alikuwa barazani akipiga cherehani. Binti yake wa miaka tisa alikuwa akiokota vipande vya vitambaa miguuni pake, na mama mkwe wake, ajuza mwenye ulimi mkali na moyo laini, alikuwa ameketi kwenye kigoda akiwakosoa wote wawili kwa zamu. Katikati ya ua ilisimama pikapu ya marehemu baba mkwe, gari la zamani lenye taa za duara na boneti iliyovimba kama shavu la mpiga tarumbeta. Watoto wa mtaa waliliita Babu. Kwa miaka kumi na mmoja halikusogea hata hatua moja, na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva.

Mume wa mshonaji alikuwa seremala, fundi hodari na mtu wa watu, aliyeapa kulifufua gari la baba yake. Hakutaka lirudi kama lilivyokuwa, likikohoa na kupanda vilima kwa kusali. Aling'oa injini ya zamani kwa winchi ya mnyororo, akatafuta injini ya kisasa kutoka kwenye gari dogo lililopata ajali, yenye kompyuta yake na nyaya nyingi kama utumbo, akachomelea vishikizo vipya kwenye chasisi ili ikae. Miezi kumi na minne alifanya kazi hiyo kila alipotoka karakanani. Aliinyoosha bodi, akaipaka rangi ya maziwa, na rimu akazipaka nyekundu.

Jumamosi hiyo injini iliwaka kwa mara ya kwanza. Majirani walijaa langoni. Ilinguruma kwa sauti nene, tulivu, na jirani mmoja akasema Babu amepandikizwa moyo wa kijana, sasa ataanza kutafuta mke. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Seremala alisimama kando ya boneti huku mikono imemlowa grisi, na mkewe, aliyemtazama kwa mbali, alijiambia kwamba hajawahi kumwona na furaha kama ile tangu siku ya harusi yao. Mama mkwe aliomba jambo moja tu. Dada yake alikuwa mgonjwa ng'ambo ya kilima, na hawakuwa wameonana kwa miaka miwili. Alitaka apelekwe kwa gari la mumewe. Mwanawe akaahidi mbele ya watu wote kwamba atampeleka baada ya mwezi mmoja, akimaliza kulikamilisha.

Amani hiyo haikupita hata usiku mmoja. Kesho yake asubuhi, mshonaji alipokuwa akifagia, aliona nyuma ya gurudumu la nyuma kushoto alama ya unyevu, mviringo kama kisahani. Aliigusa. Iliteleza, lakini haikuwa nyeusi kama mafuta ya injini, wala haikukauka kama maji. Juu yake, rangi nyekundu ya rimu ilikuwa imejikunja kama ngozi ya kidole kilichokaa majini, na alipoikwaruza kwa ukucha ilitoka yote.

Alimwita mumewe. Seremala alichutama pale, akapitisha kidole kwenye ule unyevu, akakifuta haraka kwenye suruali, kisha akasema kwamba ile ni rangi mbovu, ataipaka upya. Akaipaka. Baada ya siku kumi ikababuka tena, akaipaka mara ya pili.

Msomaji, simama kidogo hapa. Fikiria mtu anayeona machozi, naye badala ya kuuliza kinacholiza anapaka poda.

Mtaani hapo kulikuwa na fundi wa magari aliyeitwa Spana, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, aliyekuwa rafiki wa seremala tangu utotoni. Alikuja siku moja kuisifu injini, akaisifu kwa dhati, kisha akazunguka nyuma ya gari kama ilivyo desturi yake. Alitia kidole chini ya rimu, akakinusa.

"Kaka, haya ni mafuta ya breki," alisema. "Yanakula rangi kuliko mchwa anavyokula mbao zako. Na injini hii ina nguvu mara tatu ya ile ya marehemu mzee, lakini breki ni zilezile, paipu moja inalisha magurudumu yote manne. Ikipasuka, hutabaki na hata gurudumu moja la kukushika. Niachie gari wiki moja tu."

Majirani watatu walikuwepo, na hapo ndipo ubaya ulipopata nafasi. Laiti wangekuwa wawili peke yao, huenda seremala angekubali.

"Spana, kwako kila gari ni gonjwa," alijibu huku akiwatazama wenzake. "Ukialikwa harusini utataka kumnyanyua bi harusi kwa jeki umkague."

Walicheka. Spana alicheka kidogo pia, kwa heshima, akafuta mikono na kuondoka. Alipofika langoni alimwinamia mshonaji, akamwambia kwa sauti ya chini: "Shemeji, asimpakie mtu yeyote."

Maneno hayo yalimkaa mshonaji kifuani kama mfupa. Mbona hakusema? Tusiharakishe kumhukumu. Mara ya mwisho alipompinga mumewe, kuhusu jambo dogo la dirisha, mume huyo alinuna siku tisa, akila chakula chake kwa kumpa mgongo, hadi mtoto akauliza kama baba amepoteza sauti. Wala hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na nyumba nzima ilikuwa imejifunza kuuogopa ukimya wake. Isitoshe, kila jioni mama mkwe alikuwa akihesabu siku zilizobaki kumwona dada yake. Basi mshonaji akajipa matumaini. Mpaka siku aliyokwenda kutafuta nyundo katika sanduku la randa, akakuta chupa ya mafuta ya breki imefungwa kwenye kitambaa, imebaki robo. Hapo alielewa kwamba mumewe anajua. Alikuwa akijaza kwa siri kile kilichokuwa kikivuja hadharani.

Ijumaa seremala aliipaka rimu rangi kwa mara ya tatu.

Jumamosi asubuhi majirani walikuja kuwaaga wasafiri. Mama mkwe alivaa gauni jipya alilokuwa ameshonewa na mkwewe, na binti alikuwa amekwisha kupanda, amekaa katikati ya kiti, anapunga mkono kama malkia. Mshonaji alishika mkoba wa mama mkwe. Nyumba yao ilikuwa juu, na nje ya lango barabara iliteremka moja kwa moja hadi kwenye kona, ambako palikuwa na ukuta wa matofali wa karakana ya seremala. Mshonaji aliutazama mteremko huo. Akaitazama rimu, inang'aa, inanukia rangi mbichi. Chini yake udongo ulikuwa umelowa.

"Mama, usipande," alisema.

Watu wakageuka.

"Umeanza," seremala alisema polepole. "Mbele za watu, mama watoto?"

"Ndiyo, mbele za watu. Mshushe mtoto. Breki zinavuja, Spana alikwambia, na wewe mwenyewe unajua. Chupa uliyoificha nimeiona."

Hakuna aliyecheka. Uso wa seremala ulibadilika, na mkewe akauona ule ukimya ukija, naye kwa mara ya kwanza hakurudi nyuma. Ajuza alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, kisha akanyoosha mkono na kumteremsha mjukuu wake.

"Mwanangu," alisema, "baba yako, kabla sijapanda, alikuwa akilitoa gari hadi langoni. Anakanyaga breki mara tatu. Ndipo ananiita. Miaka thelathini hakuruka hata siku moja. Fanya kama baba yako, kisha niite."

Seremala angeweza kuzima injini. Angeweza kusema, jamani, tusubiri. Lakini macho ya mtaa yalikuwa juu yake, na kukiri kulionekana kwake kuwa kuzito kuliko gari lenyewe. Alipanda, akafunga mlango kwa kishindo, akaondoka.

Alikanyaga mara ya kwanza, gari likasimama. Akamtazama mkewe kwenye kioo, akatabasamu. Mara ya pili likasimama, lakini mbele kidogo ya alipokusudia. Mara ya tatu pua ya gari ilikuwa imekwisha kuvuka lango na kuinamia barabarani. Taa nyekundu za breki ziliwaka. Kila mtu aliziona zikiwaka. Na gari likaendelea kwenda.

Lilishuka kwanza kama mtu anayetembea, kisha kama anayekimbia. Seremala alivuta breki ya mkono, waya wake wa zamani ukakatika. Penye bomba la maji walisimama wanawake na ndoo zao, naye, jambo hili tumpe haki yake, akakata usukani kuwakwepa. Kishindo kilisikika, kisha vumbi, kisha sauti ya mbao zikiporomoka. Ilikuwa karakana yake mwenyewe.

Wa kwanza kufika alikuwa Spana, na jeki mkononi. Ndiye aliyemtoa.

Mguu wa kulia wa seremala, ule wa breki, ulikatwa chini ya goti. Siku ya nne hospitalini alimuuliza mkewe, bila kumtazama, alijua tangu lini.

"Nilishuku tangu rangi ya kwanza. Nilijua tangu Spana aliposema."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuogopa," mkewe alijibu.

Seremala alinyamaza. Lakini ukimya huo haukuwa ule wa zamani. Machozi yalikuwa yakimteremka hadi masikioni, naye hakuyafuta. Hatimaye akasema, "Mimi nilijua kabla yako."

Jioni hiyo ajuza alimwomba mkwewe ampeleke karakanani kuliona gari. Ubao mmoja mnene ulikuwa umepenya kioo cha mbele na kulala juu ya kiti cha abiria, usawa wa kifua cha mtoto wa miaka tisa. Aliushika kwa viganja viwili, kisha akamgeukia mkwewe na kumkumbatia.

FUNZO

Ndugu wasomaji, injini mpya haikuwa kosa, na kuipenda kumbukumbu ya baba si dhambi. Nyumba hii iliumizwa na kiburi kinachoficha kasoro badala ya kuitibu, na hofu iliyowafunga mdomo walioiona. Nasi tuliosimama langoni tukicheka, tusijitoe: kicheko chetu ndicho kilichomfanya rafiki mkweli aonekane mtafuta kasoro. Wewe uliye kichwa cha nyumba, jiulize leo kama mkeo na watoto wako wanaweza kukwambia kwamba umekosea, kisha wakalala kwa amani. Wewe unayejua, sema ingawa sauti inatetemeka. Mshonaji alichelewa, lakini alisema, na kwa sababu alisema, bibi na mjukuu wake wanaishi.

Na sote, kabla hatujawaita tuwapendao wapande, tukanyage breki kwanza, mbele yao, mara tatu.