Sauti Niliyodai Naisikia

"Shikilia hiyo hiyo, usiachie!"

Sauti ya Fundi ilitoka ndani ya kinanda, nyuma ya mabomba makubwa. Nikashikilia. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe cha mwisho upande wa kulia, cha bomba dogo kuliko yote, jembamba kama penseli.

"Unaionaje? Imepanda au imeshuka?"

"Imepanda kidogo," nikajibu.

"Kidogo, au sana?"

"Kidogo tu. Ishushe."

 Kisha nikaona viatu vyake vinashuka ngazi ya mbao. Alitokea kwenye kile kimlango cha pembeni, vumbi limejaa kichwani, akaja akasimama mbele yangu. Akafungua kiganja. Lile bomba dogo lilikuwa mkononi mwake.

"Nililing'oa kabla hujabonyeza," akasema. "Hakuna kilicholia."

Nikaondoa kidole kwenye kitufe.

"Umenitega?"

"Nimekutega. Sikupenda, lakini nimekutega."

"Mimi? Mchumba wako?"

"Wewe, mchumba wangu. Tangu lini husikii?"

Nikatazama chini. Wiki nne zilikuwa zimebaki tufunge ndoa, kwenye kanisa lile lile ambalo nimepiga kinanda miaka kumi na mmoja. Waumini wengi hata jina langu hawalijui. Mimi kwao ni Dada Kinanda.

"Mwaka na nusu," nikasema.

Fundi akaketi kwenye benchi kando yangu. Akashusha pumzi.

"Sasa naelewa. Wanakwaya wanalalamika kinanda kinawachoma masikio, Padri ananiita nikitengeneze. Nimekuja mara tatu, nakikuta kizima kama nilivyokiacha. Kumbe ni wewe unafungulia sauti kali zote kwa pamoja, kwa kuwa kwako hazilii!"

"Punguza sauti."

"Kanisa tupu hili. Umeenda hospitali?"

"Nitaenda."

"Lini?"

"Askofu akishaondoka."

Jumapili ya wiki iliyofuata kanisa lilikuwa linatimiza miaka sitini, na Askofu alikuwa anakuja. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi mitatu.

"Fundi, nakuomba. Usimwambie mtu. Wakijua, wataniondoa kwenye hiki kiti, na mimi nje ya hiki kiti sijijui."



"Sitasema. Na wewe niahidi kesho unaenda hospitali."

"Naahidi."

Niliahidi haraka, kama mtu anayetaka mgeni aondoke. Sikuwa na mpango wa kwenda popote.

*

Siku ya tatu, asubuhi, simu ikaita. Padri.

"Binti yangu, pita ofisini."

Nilimkuta amevua miwani, anaifuta kwa kitambaa. Kwenye kiti cha pembeni alikaa Mwalimu wa kwaya, mikono katikati ya magoti, hanitazami.

"Tumefikiri," Padri akaanza, "Jumapili ya Askofu Mwalimu hapa apige. Wewe pumzika kidogo."

"Nipumzike kwa nini? Nimechoka?"

"Nimeambiwa habari ya masikio yako."



"Nani kakwambia?"

"Mtu anayekupenda sana."

"Jina lake, Padri."

"Aliniomba nisiseme. Usimhukumu, binti yangu. Alikuwa analia."

Sikuhitaji jina. Duniani mtu mmoja tu nilikuwa nimemfungulia mdomo. Nikatoka bila kuaga, nikakaa kwenye ngazi za kanisa, nikamwandikia Fundi:

"Ahadi yako haikumaliza hata siku tatu. Umeniuza. Harusi hakuna. Usinipigie."

Akapiga. Akapiga tena. Mara saba. Sikupokea.

Nyumbani nilimkuta mama anaanika nguo. Nikamwaga yote: masikio, Fundi, Padri. Mama hata hakushtuka. Nikadhani ni ule utulivu wake wa siku zote.

"Nimemwamini kama nafsi yangu, mama! Kumbe nyoka! Mtu akinisaliti hivi simsamehe mpaka naingia kaburini. Hata awe nani, simsamehe!"

"Awe nani?" mama akauliza taratibu.

"Awe nani!"

Mama akaacha shati likining'inia kwa kibanio kimoja. Akachukua simu yake, akaenda nyuma ya nyumba. Hata nusu saa haikupita, ujumbe wa Fundi ukaingia:

"Leo sina la kujitetea. Nipe mpaka Ijumaa."

Nilicheka kicheko kibaya. Kumbe watu wana siku maalumu za kukiri!

*

Ijumaa hakuisubiri. Kesho yake mchana alikuja mwenyewe, akasimama getini na nguo zake za kazi, gundi ya mbao imemkaukia vidoleni.

"Nipe dakika tano."

"Nakupa swali moja. Ni wewe uliyemwambia Padri? Ndiyo au hapana."

Fundi akafungua mdomo. Halafu macho yake yakapita begani kwangu, yakaenda mlangoni alikosimama mama. Akafumba mdomo.

"Jibu!"

"Nikisema hapana, utaniamini?"

"Siwezi kukuamini."

"Basi tuache."

"Tuache? Ndiyo jibu hilo? Mwaka mzima unaniita mke wangu, leo unaniambia tuache?"

Nikavua pete, nikamrushia. Ikampiga kifuani, ikaangukia kwenye changarawe. Akainama, akaitafuta, akaiokota na kuifuta kwa shati.  Akageuka, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyetoka kuzika.

Nikapiga hatua kuelekea ndani. Mama alikuwa ameziba mlango.

"Mwite," akasema.

"Nani?"

"Mwite mwenzio arudi. Hana kosa. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyekwenda kwa Padri."



"Mama... wewe ulijuaje?"

"Mimi nimekuzaa. Nakuita jikoni huitiki. Simu yako inaita pembeni yako mpaka inakatika. Nikikwambia nenda hospitali, unasema mama una kelele. Wiki iliyopita nilikuwa ng'ambo ya barabara, ukavuka. Gari lilikupigia honi, mwanangu. Nikapiga yowe mara nne. Hukugeuka. Dereva alikukwepa kwa kupanda juu ya kibaraza cha duka, na wewe ukaendelea na safari yako unaimba!"

Mama akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba.

"Bibi yako tulikwambia aligongwa na gari. Hatukukwambia kwa nini. Alikuwa haisikii honi. Alianza kupoteza masikio akiwa na umri kama wako, akaficha, na mimi nikamsaidia kuficha kwa sababu aliona aibu. Nilimsaidia mpaka nikamzika. Wewe sitakusaidia kuficha. Ukinichukia, nichukie ukiwa hai."

"Kwa nini usinikalishe mimi? Kwa nini Padri?"

"Kwa sababu Padri humbishii."

"Na Fundi? Anajua?"

"Jana nilimpigia nikamwambia. Nilimsihi asiseme, nitasema mwenyewe Ijumaa. Ulipoapa kwamba humsamehe hata awe nani, niliishiwa nguvu. Nilitaka siku tatu za kutafuta ujasiri. Yeye akasema, 'Mama, chukua.'"

Nilitoka mbio pekupeku.

*

Nilimkuta amefika kwenye kona ya fundi viatu. Nilimwita kwa sauti mpaka mtaa wote ukageuka. Akasimama, akanisubiri. Hakunifuata hata hatua moja.

"Mama ameniambia," nikasema nikihema.

"Vizuri."

"Kwa nini hukusema pale getini? Neno moja tu!"

"Nikutajie mama yako, naye anatutazama? Pete ukinirushia mimi, nainama naiokota. Yale maneno yako ungemrushia yeye, nani angeyaokota?"

Nikaanza kulia katikati ya barabara.

"Nisamehe, Fundi."

"Bado."

Neno lile lilinikata. Uso wake haukuwa na mzaha.

"Kunituhumu nimekusamehe, mtu akiumia hupiga hata asiyehusika. Lakini nikuulize. Siku ile uliponiahidi hospitali, ulikuwa unanidanganya?"

Ningeweza kumwambia nilisahau. Ningeweza kusema nilibanwa na mazoezi.

"Nilikuwa nakudanganya," nikasema.

"Usoni kwangu?"

"Usoni kwako."

Akatikisa kichwa.

"Ningekubali kuoa mke asiyesikia, hilo hata halinisumbui. Mke anayenificha mpaka gari limgonge ndiye simuwezi. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa getini kwenu. Ukitoka, tunakwenda. Usipotoka, pete nitamrudishia sonara."

Saa moja na nusu nilikuwa tayari nimekaa getini, na mama pembeni yangu ameshika mkoba.

*

Daktari alinifungia kwenye kichumba kidogo, akanivika vidude masikioni. Alipotoka na karatasi, mstari wa usikivu wangu ulianza juu vizuri halafu ukaporomoka.

"Sauti za chini unasikia kama mtu yeyote," akasema. "Za juu, hata honi na yowe la mbali, zimeondoka, na hizo hazirudi. Nitakupa vifaa vya kuvaa nyuma ya masikio. Utasikia watu, utasikia honi. Muziki utakusumbua mwanzoni."

"Nitapiga kinanda?"

"Unapiga kwa vidole, sivyo? Ila usiamue peke yako sauti zipi zifunguliwe."

Tulitoka pale moja kwa moja mpaka kwa Padri. Mwalimu wa kwaya tulimkuta kwenye kinanda, jasho linamtoka. Nikawaeleza mwenyewe, kuanzia mwaka na nusu uliopita mpaka karatasi ya daktari. Sikuacha kitu. Nikamwomba Mwalimu msamaha kwa kusema waimbaji wake wanadeka kila walipoziba masikio.

"Jumapili ni yako, Mwalimu," nikamalizia. "Nimekubali."

Mwalimu wa kwaya akaruka kutoka kwenye benchi kama limewaka moto.

"Yangu? Dada Kinanda, nionee huruma! Mikono yangu inajua kazi, lakini hizi kanyagio za miguuni zinanitukana. Tangu juzi nasali Askofu apate udhuru!"

Padri akakohoa.

"Padri nisamehe, lakini ndiyo ukweli. Huyu apige. Mimi nitakaa kando yake nimfungulie na kumfungia sauti. Ikizidi kuchoma, nitajua mimi."

Padri akamtazama Fundi.

"Wewe fundi unasemaje?"

"Kinanda ni kizima, Padri," Fundi akasema. "Na mpigaji naye leo mzima kuliko jana."

Jumapili ile nilipiga. Vifaa vipya vilinifanya nisikie kinanda changu kama kiko ndani ya debe, na kwenye wimbo wa matoleo nilikosea mstari mzima kwa hofu. Mwalimu wa kwaya alivuta na kusukuma vishikio vya sauti, mara mbili akanigonga mkono akininong'oneza, "Hapana, hiyo inatoboa." Lakini wimbo wa mwisho ulipoanza, watu mia nane wakasimama na kuimba, na hakuna hata mmoja aliyeziba masikio. Nilipogeuka nikamwona Fundi kwenye nguzo ya nyuma, amefumba macho.

Baada ya misa alinijia pale kwenye kinanda. Akanishika mkono, akanivisha pete.

"Sasa nimekusamehe," akasema.

*

Siku ya harusi Mwalimu wa kwaya ndiye aliyepiga. Kanyagio zilimtukana vilevile, mimi nikiwa kwenye shela nikauma midomo nisicheke. Mama alikaa benchi la mbele, anajipepea kwa karatasi ya nyimbo.

Tukafika mbele. Padri ana sauti ndogo, na siku ile alikuwa na mafua. Akaniuliza lile swali. Niliona midomo yake inacheza, maneno yakanipita. Kanisa zima likatulia, linasubiri. Ningeweza kukisia. Kila bibi harusi anajua anaulizwa nini pale, na jibu lenyewe ni moja tu.

"Padri," nikasema kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni, "sijasikia. Naomba urudie."

Kanisa likaangua kicheko. Mama alicheka mpaka machozi. Padri akavuta pumzi, akarudia swali kwa nguvu kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Nakubali," nikasema.

Fundi alikuwa amenishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikauma.